Muhogo mbichi, "vitamini B17" na unga wa siku moja: lipi ni salama?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Dar es Salaam na tuna shamba dogo Mkuranga. Karibu kila jioni mume wangu hununua muhogo mbichi, nazi na karanga kwa wauzaji wa barabarani, maana rafiki zake wamemwambia vinaongeza nguvu, na mtoto wetu wa miaka mitatu, mwenye kilo 14, hula pamoja naye. Juzi wifi yangu ametuma kwenye kundi la familia ujumbe unaosema kwamba muhogo mbichi una vitamini B17 inayotibu saratani, na kwamba ni chakula cha mababu zetu tangu dunia kuumbwa. Kesho yake shemeji naye akatuma picha za watoto waliokufa shuleni baada ya kula vitafunwa vya muhogo, akatuonya tuuache kabisa. Mimi mwenyewe nimeona video ya dada mmoja anayetengeneza unga wa muhogo kwa siku moja: anamenya, anakata vipande vyembamba, anaanika juani asubuhi, jioni anasaga. Nilitaka kufanya hivyo kwa mihogo yetu ya shamba, ambayo mingi ni michungu. Nishike lipi? Tena naomba unipe namna ya kupika muhogo wa nazi usio na wasiwasi, maana ndicho chakula ninachokipenda kuliko vyote."

Marahaba, dada yangu. Muhogo wa nazi utaendelea kuula, na mapishi nitakupa. Lakini umeniletea mambo manne kwa mpigo, na taabu yake ni kwamba kila moja lina chembe ya ukweli iliyochukuliwa ikavutwa hadi ikapinda. Muhogo kweli una kitu kinachoweza kuzaa sumu kali iitwayo sianidi. Wazee wetu kweli waliula na wakalea watoto. Jambo ambalo jumbe zote mbili za kundi la familia zimeliruka, na video ya unga pia, ni kile kinachofanyika baina ya kuung'oa na kuutia mdomoni, nacho ndicho kinachoamua kama ni chakula au ni hatari.

Nianze na mababu, kwa sababu hoja hiyo ndiyo inayowapa watu ujasiri wa kula bila kuuliza. Muhogo si mzaliwa wa Afrika. Ulianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita Amerika ya Kusini, upande wa kusini-magharibi wa bonde la Amazoni, na Wareno ndio waliouvusha bahari katika karne ya 16, ukatua kwanza pande za Kongo na Angola. Kwenye mwambao wetu ulichelewa. Katika miaka ya 1730 gavana Mfaransa Mahé de La Bourdonnais aliuingiza kisiwani Mauritius ili uwe chakula cha watumwa, na kufikia karne ya 19 watumwa wa mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba walikuwa wakiutegemea kila siku. Baadaye, Waingereza walipoitawala Tanganyika, waliwaamuru wakulima wapande muhogo kuwa akiba ya njaa, kwa kuwa unastahimili ukame na unaweza kuachwa ardhini miezi mingi ukangoja hadi siku utakapohitajika. Kwa hiyo hao "mababu tangu dunia kuumbwa", kwa sehemu kubwa ya Tanzania, ni vizazi kadhaa tu vya nyuma yetu.

Wapo watu ambao kweli wameula maelfu ya miaka, na inafaa kutazama wanavyoutendea. Wenyeji wa Amazoni huumenya muhogo mchungu, wakaukuna, kisha wakautia katika kapu refu la kusokotwa liitwalo tipiti, ambalo likivutwa hujikaza na kukamua maji yote. Chicha inayobaki hukaangwa kwenye sufuria pana ikawa unga mkavu, na yale maji ya njano, tucupi, hayaonjwi mpaka yamechemshwa muda mrefu. Majani, yaani kisamvu chetu, huko Pará nchini Brazili husagwa na kupikwa takriban wiki nzima kabla ya kuwa mchuzi wa maniçoba. Ndugu zetu wa Kongo nao huuzamisha muhogo mtoni au kwenye madimbwi siku kadhaa hadi ulainike, ndipo wakautwanga na kuufunga majanini kuwa kwanga. Kandokando ya Ziwa Victoria watu huuvundika kwa kuurundika na kuufunika mpaka uote ukungu, wakaukwangua na kuuanika, wakapata udaga. Jamii zilizouzoea muhogo mchungu zimejifunza, kila moja kwa njia yake, kuuweka mbali na kinywa kwa siku kadhaa. Wifi yako akisema "chakula cha mababu", mjibu kwamba mababu hao walikuwa na utaratibu.

Sasa sumu yenyewe, na hapa naomba unipe subira kidogo, kwa sababu ukielewa jambo hili moja utaweza kuyahukumu mwenyewe mapishi yoyote utakayoyaona. Ndani ya muhogo mzima, usiokatwa, hakuna sianidi huru ya kutaja. Kuna kemikali iitwayo linamarini, iliyofungiwa ndani ya kifuko katika kila seli, na kando yake, kwenye ukuta wa seli, kuna kimeng'enya, yaani protini inayovunja kemikali nyingine, kiitwacho linamarasi. Viwili hivi havikutani, kama njiti na kiberiti vilivyowekwa makabati mawili. Mnyama akiuuma muhogo, au wewe ukiukuna, ukiutwanga au ukiuacha uoze majini, kuta za seli hupasuka, kimeng'enya kinaifikia linamarini, na baada ya hatua fupi ya katikati hutoka sianidi. Ni silaha ya mmea dhidi ya walaji wake. Ndiyo maana wakulima wengi wanaipenda mihogo michungu: nguruwe, nyani na wezi wa mashambani huiepuka.

Habari njema ni kwamba sianidi ikishatoka ni rahisi kuifukuza. Huchemka kwenye joto la takriban nyuzi 26 za Selsiasi, kwa hiyo katika hali ya hewa ya Dar es Salaam hupaa hewani yenyewe ikipata nafasi, na pia huyeyuka katika maji. Inayosumbua ni linamarini ambayo bado haijavunjwa. Watu wengi wanaamini kwamba moto unaua sumu ya muhogo, na hilo si kweli kwa namna wanavyolifikiri. Linamarini inastahimili maji yanayochemka. Kimeng'enya ndicho kinachokufa, tena mapema, kabla maji hayajaanza kutokota. Ukichukua pande kubwa la muhogo mchungu ukalitumbukiza katika maji ya moto, umemuua mfanyakazi ambaye angekusaidia kuivunja linamarini, nayo imebaki ndani ya muhogo ikisubiri tumbo lako, ambamo baadhi ya bakteria wanaweza kuifanya kazi hiyo. Kuchemsha kunasaidia kwa njia nyingine: linamarini huyeyuka na kutoka kwenda majini, mradi vipande ni vidogo, maji ni mengi, na maji hayo yanamwagwa.

Mwili nao haukuachwa mikono mitupu. Ini lina kimeng'enya kinachoiambatanisha sianidi na salfa, ikawa kitu kisicho kikali kiitwacho thiosianati, kinachotoka kwa mkojo. Salfa hiyo tunaipata katika protini, hasa ya samaki, dagaa, mayai na nyama. Kwa hiyo mtu anayekula muhogo na samaki ana kinga ambayo mtu anayekula ugali wa muhogo na chumvi hana. Thiosianati ikizidi huizuia tezi ya shingo kupata madini ya joto, na pale ambapo madini hayo ni haba, rovu huongezeka.

Turudi barabarani, kwa muuza muhogo mbichi. Mihogo hutofautiana sana. Ile tunayoiita mitamu, kama Kibandameno inayopendwa pwani ya Kenya, kwa viwango vya kimataifa vya chakula inapaswa kuwa na chini ya miligramu 50 za sianidi kwa kila kilo ya muhogo mbichi. Michungu huanzia hapo na inaweza kupita miligramu 400. Kiwango kinachoweza kumuua mtu kinakadiriwa kuwa kati ya miligramu 0.5 na 3.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, ikiwa itaingia kwa mara moja. Chukua basi mume wako, tuseme ana kilo 70: mpaka wa chini wa hatari kwake ni miligramu 35. Gramu 200 za muhogo mtamu wenye miligramu 40 kwa kilo zitampa 8 tu, na mwili wake utazimudu. Gramu hizo hizo za muhogo wenye miligramu 200 kwa kilo zitampa 40. Mtoto wako wa kilo 14 mpaka wake wa chini ni miligramu 7, na muhogo mtamu kabisa, ule wa miligramu 40, unaufikia mpaka huo kwa gramu 175. Hii ni hesabu ya kadiri ya juu, kwa sababu si linamarini yote hugeuka kuwa sianidi, wala mtoto hali kipande hicho kwa funda moja. Hata hivyo hesabu yenyewe inatosha kunifanya nikuambie bila kuzunguka: mtoto asipewe muhogo mbichi. Si kidogo, si wa kuonja.

Kwa mume wako nitakuwa mwadilifu zaidi. Watu wazima wengi hutafuna kipande cha muhogo mtamu mbichi na hawapati lolote, na muuzaji mwenye uzoefu huijua mihogo yake kwa sababu mteja aliyeumwa tumbo harudi. Ulimi pia unasaidia: muhogo unaoacha uchungu ni wa kutemwa papo hapo, na kuumaliza kwa sababu umeshalipiwa ni ujinga. Lakini ulimi si mizani. Uchungu na sumu huenda pamoja mara nyingi, si mara zote, na mche uleule uliokuwa mtamu mwaka wa mvua nzuri huongeza sumu yake wakati wa ukame. Ndimu, chumvi na pilipili vinavyonyunyiziwa juu huongeza ladha, havitoi kitu. Nazi na karanga ni chakula kizuri, na kama ni uamuzi wangu ningembakizia hivyo viwili na kipande cha muhogo kilichochemshwa. Kuhusu hizo nguvu alizoahidiwa na rafiki zake, hakuna ushahidi wa kitabibu kwamba muhogo mbichi huzileta. Kama kuna tatizo la kweli chumbani, mshauri kwa upole amwone daktari, kwa sababu kwa wanaume wengi tatizo hilo ni dalili ya mapema ya kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa mishipa, na kila jioni anayoimalizia kwenye meza ya muhogo ni jioni ya kuchelewa kupimwa.

Ujumbe wa wifi kuhusu "vitamini B17" naujua, umezunguka miaka mingi kwa lugha nyingi. Hakuna vitamini yenye jina hilo. Ni jina la biashara ya maneno alilolipa Mmarekani Ernst Krebs mdogo kemikali inayotokana na kokwa za aprikoti, iliyouzwa kama dawa kwa jina la Laetrile, kwa madai kwamba sianidi yake itaua seli za saratani na kuziacha nzima seli nyingine. Dawa hiyo ilifanyiwa majaribio rasmi Marekani kwa wagonjwa 178, na matokeo yalichapishwa mwaka 1982: saratani haikupona wala haikusimama, na baadhi ya wagonjwa walionyesha dalili za kudhuriwa na sianidi. Tena kemikali ile si hata linamarini ya muhogo. Zinafanana tu kwa kuwa zote huzaa sianidi. Kama katika familia yenu kuna mgonjwa wa saratani anayeutafuna muhogo mbichi kwa matumaini hayo, naomba uniamini kwamba ni jambo la kuzungumzwa wiki hii, mbele ya daktari wake, hasa ikiwa ameanza kuacha matibabu.

Na picha za shemeji? Sikuziona, lakini kisa kinachotajwa mara nyingi zaidi kwa maneno kama yake ni cha Mabini, kisiwani Bohol, Ufilipino, Machi 2005, ambapo watoto 27 wa shule ya msingi walikufa baada ya kula vitafunwa vya muhogo wa kukaanga. Siku za mwanzo kila mtu aliulaumu muhogo. Vipimo vya maabara vilionyesha dawa ya kuua wadudu ya jamii ya kabamati. Fundisho la kisa kile linahusu namna ya kuhifadhi dawa za shambani mbali na unga, na katika kaya zetu, ambamo chupa ya dawa hukaa kona moja na debe la unga, si fundisho dogo.

Hata hivyo shemeji asije akadhani namtetea muhogo kwa kila hali. Karibu na sisi, wilayani Kasese nchini Uganda, Septemba 2017, watu 98 waliugua na wawili wakafa kwa ugali wa unga wa muhogo, na safari hiyo sianidi ndiyo iliyohusika: unga uliuzwa ukiwa umetokana na mihogo michungu isiyotayarishwa ipasavyo. Unga ukishasagwa ni mweupe wote, huwezi kuuona ulivyopatikana. Ndiyo sababu video ya unga wa siku moja inanitia wasiwasi kuliko mambo mengine yote uliyoniandikia.

Fikiria kinachotokea ukifuata video ile kwa mihogo yako michungu. Vipande vinakauka haraka, na vikikauka haraka seli zake nyingi hazijapasuka na kimeng'enya hakina maji ya kufanyia kazi. Kuanika peke yake, bila kuloweka wala kuvundika, huacha robo hadi theluthi ya sumu ndani ya makopa, yaani vile vipande vilivyokauka. Kama ulianza na miligramu 300 kwa kilo, utabaki na unga wenye sumu nyingi kuliko kiwango cha miligramu 10 kwa kilo kinachopendekezwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani, na watoto wataula mchana na jioni.

Tunajua mwisho wa njia hiyo, kwa sababu umeshatokea. Kuna ugonjwa uitwao konzo, ulioelezwa kitabibu mwaka 1938 na daktari Giovanni Trolli kutoka Kwango, Kongo ya Wabelgiji. Humpata mtu ghafla, hasa wanawake wa umri wa kuzaa na watoto waliovuka miaka mitatu: anaamka, miguu yote miwili imekakamaa, na haitarudi kama ilivyokuwa. Mwaka 1981, wakati wa ukame mkali, zaidi ya watu 1,000 walipooza hivyo katika jimbo la Nampula, Msumbiji, na mmoja wa madaktari waliofuatilia chanzo chake alikuwa Msweden Hans Rosling, aliyekuwa akifanya kazi Nacala. Mwaka 1985 ugonjwa huo ulionekana kwetu, wilayani Tarime. Hadithi inafanana kila mahali: mvua imekosekana, mazao mengine yamekufa, mihogo imezidi uchungu, njaa haingoji, na siku za kuvundika zinapunguzwa. Mboga hakuna, samaki hakuna, kwa hiyo mwili hauna salfa ya kujitetea. Konzo haimpati mtu kwa sahani moja ya ugali wa muhogo. Huja kwa wiki nyingi za mlo wa muhogo mchungu uliotayarishwa nusunusu na usio na protini. Wewe uko mbali na hali hiyo, lakini hatua ya kwanza ya kuielekea ni ileile ya kufupisha kazi.

Basi mihogo yako michungu ifanye hivi. Imenye, izamishe mizima au ikiwa vipande vikubwa katika maji yanayoifunika kabisa kwa siku tatu au zaidi, hadi ukibonyeza kwa kidole gumba iingie na nyuzi za katikati zichomoke zenyewe. Harufu ya uchachu ni ya kawaida. Mwaga maji hayo mbali na mifugo, vunjavunja muhogo kwa mikono, ukamue kwa mfuko wa nguo wenye uzito juu yake, kisha uanike mpaka ukauke kabisa. Njia hii huondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu, nami siijui nyingine ya nyumbani inayoizidi kwa urahisi.

Ukiwa na unga ulionunuliwa na huna imani nao, iko mbinu iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia, ambayo imefundishwa vijijini Msumbiji na Kongo. Tia unga mkavu ndani ya bakuli, weka alama ulipofikia. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza chini ya alama, endelea kidogo kidogo mpaka uje juu tena uifikie. Tandaza uji huo mzito juu ya mkeka au sinia, unene usizidi sentimita moja, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha upikie ugali siku hiyohiyo. Maji humpa kimeng'enya kilichobaki nafasi ya kumaliza kazi yake, na sianidi hupaa. Sumu hupungua mara tatu hadi sita. Ni nyongeza, haichukui nafasi ya kuloweka.

Dalili za kudhurika huanza kwa kawaida ndani ya saa chache baada ya kula: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kupumua haraka na moyo kwenda mbio. Ukiziona kwa mtu aliyekula muhogo, hasa ikiwa wako wawili au zaidi waliokula chungu kimoja, nendeni kituo cha afya mara moja na mchukue mabaki ya chakula. Mtoto anayelegea, anayechanganyikiwa au kupata degedege ni wa kukimbizwa hospitali kubwa, si zahanati. Hospitalini zipo dawa za kuifunga sianidi na oksijeni ya kumsaidia kupumua. Maziwa, ambayo kwetu hunyweshwa mtu kwa kila sumu, hayaifungi sianidi, na kumtapisha mtu aliyelegea kunaweza kumpalia. Na yeyote anayeona miguu inakakamaa, au mtoto aliyeanza kutembea kwa ncha za vidole baada ya majira marefu ya kula muhogo, apelekwe kwa daktari hata kama haumwi popote. Kuhusu shamba, muulize afisa ugani wako akusaidie kutambua mbegu mlizopanda. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) cha Kibaha hakiko mbali na kinashughulika na mihogo, na kupata vipando vitamu vinavyohimili magonjwa ya batobato na michirizi kutakupunguzia kazi ya kuloweka kwa miaka ijayo.

Sasa chungu chako. Kwa watu watano au sita nunua kilo moja na nusu ya mihogo mitamu, iliyong'olewa siku hiyo au jana yake, isiyo na mistari ya buluu au myeusi ndani. Menya maganda yote mawili, la kahawia na lile nene la waridi au jeupe lililo chini yake, kwa sababu ganda hilo la pili hubeba sumu nyingi kuliko nyama. Pasua, toa mzizi wa katikati, kata vipande vya urefu wa kidole, uviache katika maji baridi saa kadhaa. Wapishi wengi huutia muhogo moja kwa moja ndani ya tui, na kwa muhogo unaoujua ulikotoka hakuna ubaya. Kwa muhogo wa sokoni usioujua, linamarini itakayotoka itabaki kwenye mchuzi utakaoulamba, kwa hiyo mimi huuchemsha kwanza: bandika na maji baridi mengi, bila kufunika, tokosa mpaka uanze kupasuka, kama dakika 20, mwaga maji yote.

Zikune nazi mbili kubwa na uchuje tui zito, ulitenge, kisha kamua tena upate vikombe vitatu vya tui jepesi. Rudisha muhogo chunguni na tui jepesi, kitunguu kimoja kilichokatwa, nyanya mbili, kitunguu saumu kilichotwangwa, kipande cha manjano au nusu kijiko cha bizari, chumvi, na pilipili mbichi nzima usiyoipasua. Moto uwe wa wastani. Muhogo ukishalainika kabisa mimina tui zito, na kuanzia hapo usiondoke: koroga taratibu kwa upande mmoja hadi litokote mara mbili tatu, ama sivyo litakatika. Samaki, changu au nguru, mpake chumvi na ndimu, mkaange pembeni, umlaze juu ya muhogo dakika tano za mwisho ili mchuzi umwingie. Ndiye anayeleta ile protini niliyoisema. Kamua ndimu baada ya kuepua.

Mtoto mpondee vipande viwili au vitatu na samaki aliyetolewa miiba. Ukibaki, ule kesho yake asubuhi ukiwa umepashwa moto na kijiko kimoja cha maji, kwa chai ya rangi. Na siku utakayotaka kuukaanga, uchemshe kwanza na umwage maji kama hapo juu, kwa sababu muhogo unaotoka ubichi kwenda kwenye mafuta hubaki na sehemu kubwa ya linamarini yake.